Homa visiwani: usisubiri daktari wa simu

Maswali haya tunaulizwa kila mara na wakazi wa visiwa vya Rusinga, Mfangano na Takawiri katika Ziwa Victoria, pamoja na wageni wanaokuja kutembea.

Daktari wa simu ni nani?
Ni daktari aliyesajiliwa anayekuhudumia kwa simu ya kawaida au ya video. Kwa dawa za presha, upele, au kusomewa majibu ya vipimo, mtumie. Utaokoa nauli ya kwenda mjini Mbita.

Nina homa na kichwa kinauma. Si aniandikie tu dawa ya malaria?
Hapana. Malaria imejaa kanda hii ya ziwa, lakini si kila homa ni malaria, na simu haitoboi kidole. Kipimo cha haraka kinataka tone moja la damu na dakika 15 hadi 20. Zahanati wanacho, na mara nyingi hata mhudumu wa afya wa kijijini anacho. Daktari anayekuandikia dawa bila kuuliza kama umepimwa, achana naye.

Mtoto alichemka usiku, nikampa Panadol, akapoa. Ningoje?
Usingoje. Panadol hushusha joto tu, vimelea vinabaki kwenye damu vikizaana. Malaria ya aina ya falciparum, ambayo ndiyo tuliyo nayo hapa, isipotibiwa yaweza kuwa kali ndani ya saa 24. Homa ya leo hupimwa leo.

Tulikuwa tunaongea na daktari, mtandao ukakatika. Tusubiri urudi?
Tafadhali, msisubiri! Mtoto akipata degedege, akilegea, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, au akipumua kwa shida, ondokeni saa hiyo hiyo. Piga simu mkiwa njiani ili zahanati wajiandae. Malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesunate, na sindano haipiti kwenye simu. Tunaletewa watoto asubuhi ambao dalili hizi zilianza jioni, na mzazi anatuonyesha ujumbe aliokuwa akisubiri ujibiwe. Usiku kucha! Nasema tena: dalili hizo zikionekana, kwanza ni safari, simu baadaye.

Na usiku boti tutaitoa wapi?
Hilo lipangwe mchana. Weka namba ya mwenye boti, kubalianeni kuhusu mafuta, na jaketi za kuokolea ziwe tayari. Hoteli zinazopokea wageni visiwani nazo zifanye hivyo. Namba za dharura ni 999 na 112.

Nina vidonge vilivyobaki. Daktari ameviona kwa video.
Kuviona si kukupima. Mama anafungua fundo la leso, ndani mna vidonge sita vya mwaka jana. Dozi ya AL (artemether-lumefantrine, dawa ya malaria) ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara sita, kwa siku tatu, pamoja na chakula. Ukipona siku ya pili, maliza. Hakuna kuwekea jirani.

Mimi ni mgeni, nimesharudi Nairobi na sasa nina homa.
Malaria huchukua siku saba au zaidi tangu kuumwa na mbu kabla ya kujitokeza, kwa hiyo yaweza kukukuta ukiwa nyumbani. Nenda ukapimwe leo, na sentensi yako ya kwanza kwa daktari iwe kwamba ulikuwa Ziwa Victoria. Asipokuagizia kipimo cha malaria, kidai.