Chama kinapomlipia mgombea mawakili, fedha hutoka mfuko gani?

Mwaliko wa hafla ya kumchangia Donald Trump, iliyofanyika Palm Beach, Florida, mwezi Aprili 2024, ulikuwa na maandishi madogo ya aina ambayo wageni wengi huyaruka. Maandishi hayo yalieleza jinsi kila mchango utakavyogawanywa: dola 6,600 za kwanza ziende kwenye kampeni yake, dola 5,000 zinazofuata ziende kwenye kamati ya kisiasa ya Trump iitwayo Save America, na kinachobaki ndicho kipelekwe kwa Kamati ya Kitaifa ya chama cha Republican na matawi yake ya majimboni. Save America ndiyo iliyokuwa ikiwalipa mawakili waliomtetea Trump mahakamani. Kwa mpangilio huo, mtu aliyekuja kukichangia chama alikuwa ameshachangia ada za mawakili kabla chama hakijapata hata senti moja.

Wanaotuuliza kama jambo hilo linaruhusiwa Marekani hutarajia jibu la ndiyo au hapana. Jibu hutegemea fedha zimetoka mfuko gani, kwa sababu sheria ya nchi hiyo hubana kila mfuko kwa namna yake.

Unaobanwa zaidi ni mfuko wa kampeni ya mgombea mwenyewe. Sheria inakataza fedha hizo kutumiwa kwa mambo binafsi, na Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho hutumia kipimo kimoja: je, gharama hii ingekuwepo hata kama mtu huyu asingegombea wala kushika wadhifa? Rehani ya nyumba na karo ya shule vimetajwa waziwazi kuwa matumizi binafsi. Ada za mawakili zimeachwa ziamuliwe shauri kwa shauri, na hapo ndipo ubishi huanzia.

Mfano ulio wazi ni wa Larry Craig, aliyekuwa seneta wa Idaho. Mwezi Juni 2007 alikamatwa katika choo cha uwanja wa ndege wa Minneapolis, akakiri kosa la kuvuruga utulivu, kisha akataka kuliondoa ungamo lake. Mawakili wa jitihada hiyo aliwalipa kwa fedha za kampeni. Alipodaiwa na Tume, alijitetea kwamba alikuwa safarini kikazi kati ya jimbo lake na Washington. Mahakama haikukubali, kwa kuwa alichotuhumiwa hakikuhusiana na kazi ya useneta bali na mwenendo wake binafsi, hata kama tiketi ya ndege ilikuwa ya kikazi. Mwaka 2014 aliamriwa kulipa serikalini dola 242,535, zikiwamo dola 45,000 za faini, na mahakama ya rufaa ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2016. Gharama za kujibu uchunguzi wa Kamati ya Maadili ya Seneti kuhusu tukio lilelile hazikulalamikiwa, kwa sababu uchunguzi huo ulimhusu kama seneta.

Kipimo hicho huwa kigumu pale mgombea anapodai kwamba asingeshtakiwa kabisa kama asingegombea. Sioni kwamba hoja hiyo ni ya kupuuzwa, lakini ikikubaliwa bila masharti, kila mshtakiwa mwenye jina la kisiasa atakuwa na sababu ya kuufungua mfuko wa kampeni.

Kwa upande wa chama, katazo la matumizi binafsi limeandikwa kuhusu fedha alizopokea mgombea, na fedha za chama hazikutajwa humo. Kinachokizuia chama ni kanuni nyingine: mtu au kikundi kikimlipia mgombea gharama yake binafsi, malipo hayo huhesabiwa kuwa mchango kwake na huingia katika ukomo wa michango, isipokuwa kama yangefanywa hata asipogombea. Ndiyo maana katika miaka ya 2021 na 2022 Kamati ya Kitaifa ya Republican ililipa zaidi ya dola milioni 1 kwa mawakili wa Trump katika uchunguzi wa biashara zake huko New York, huku mwenyekiti wake wa wakati huo, Ronna McDaniel, akieleza kwamba malipo yangekoma mara Trump atakapotangaza kugombea. Alitangaza tarehe 15 Novemba 2022. Kwa maoni yangu hapa sheria imesimama kichwa chini, kwa kuwa asiye mgombea analipiwa kwa urahisi kuliko mgombea, ilhali fedha zilichangwa kwa ajili ya uchaguzi.

Mwishoni mwa 2014 Bunge la Marekani liliongeza mlango mwingine. Kupitia sheria ya bajeti, vyama viliruhusiwa kufungua akaunti maalumu, mojawapo ikiwa ya kuhesabu kura upya, mashauri ya uchaguzi na "taratibu nyingine za kisheria", maneno ambayo hayakufafanuliwa. Kwa uchaguzi wa 2024, mtu mmoja aliweza kukipa chama dola 41,300 kwa mwaka katika akaunti ya kawaida, na dola 123,900 nyingine katika kila akaunti maalumu, wakati ukomo wa kumpa mgombea moja kwa moja ulikuwa dola 3,300 kwa kila uchaguzi.

Lisidhaniwe kuwa ni suala la chama kimoja. Kuanzia 2023, Kamati ya Kitaifa ya Democratic ililipa zaidi ya dola milioni 1.5 kwa mawakili waliomwakilisha Joe Biden katika uchunguzi wa nyaraka za siri, uliomalizika Februari 2024 bila mashtaka, na wakati huo Biden alikuwa tayari mgombea. Chama hichohicho kilikuwa kikimsema Trump kwa kuwatwisha wachangiaji gharama za mawakili.

Mwanzoni mwa 2024 Henry Barbour, mjumbe wa Republican kutoka Mississippi, alipendekeza azimio la kuzuia fedha za chama kulipia kesi za Trump, lakini hakupata wajumbe wa kutosha kumuunga mkono. Wasaidizi wa Trump waliahidi kwamba chama hakitalipa. Ahadi ya namna hiyo haimfungi mweka hazina wa chama kama azimio ambalo lingempa sababu ya kukataa hundi.

Wasomaji wetu wanaoishi Marekani, wawe raia au wakazi wa kudumu, wanaruhusiwa na sheria kuchangia. Mgeni mwingine yeyote haruhusiwi. Anayechangia atazame kwanza mgawanyo ulioandikwa chini ya fomu, hasa jina la kamati inayotajwa ya pili au ya tatu. Taarifa za kamati hizo huwekwa wazi na Tume, na zinaonyesha jina la kampuni ya mawakili, tarehe na kiasi kilicholipwa. Kwa kawaida, safu ya sababu ya malipo huandikwa tu "ushauri wa kisheria", bila kutaja kesi.