Wanasiasa Wote Ni Walewale? Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mtu akitaka kukwambia umedanganya bila kukuita mwongo, anasema, "Acha siasa." Fundi aliyeahidi kumaliza kabati Jumamosi analeta siasa. Mdeni anayekuzungusha mwezi wa tatu sasa, naye ni siasa tupu. Neno lenyewe halikuanza hivyo: wazee walisema "fanya kwa siasa" wakimaanisha fanya kwa utaratibu na upole. Limeharibikia mikononi mwa wenye kazi yao, na ndiyo maana ukimsifu mwanasiasa barazani unaulizwa umepewa ngapi. Sisemi tuache kuwashuku. Ila baadhi ya shuku zetu, na baadhi ya sifa zetu pia, zimesimama juu ya mambo yasiyo kweli.

Dhana: Wote lao moja. Hakuna aliyewahi kuachia kiti kwa hiari.

Yupo. Katikati ya miaka ya 1970 huko Usukumani kulikuwa na mauaji ya watu walioshutumiwa uchawi, wengi wao bibi vikongwe. Serikali ya Tanzania ikaendesha msako. Watu wakakamatwa kwa wingi, wakateswa na maofisa wa dola, na baadhi yao wakafia mahabusu. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuna aliyesema Mwinyi alimgusa mtu kwa mkono wake. Mwaka 1977 akaandika barua ya kujiuzulu, kwa hoja nyepesi kuieleza na nzito kuitenda: waliofanya unyama ule walikuwa chini ya wizara yake.

Barazani hapo atatokea mjuaji wa kukwambia kwamba Mwinyi alikuwa anapiga hesabu, maana si alirudi akawa Rais mwaka 1985? Hesabu hiyo tunaifanya sisi tunaoujua mwisho wa hadithi. Mwaka 1977 alichokuwa nacho mkononi ni kupoteza wizara, na baada yake akapelekwa ubalozini Misri, mbali na mezani panapogawanywa vyeo. Utawala wake wa baadaye una ya kulalamikiwa, hasa rushwa iliyoota mizizi miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa milango. Lakini barua ya 1977 iliandikwa, na mwandishi wake alilipa. Mimi hapo ndipo ninapoangalia kwanza: jambo hili jema lilimgharimu nini aliyelifanya? Kisima kilichochimbwa wiki mbili kabla ya kura hakijamgharimu mtu kitu.

Dhana: Kiongozi msafi utamjua kwa umaskini wake.

Shati lililochakaa si ushahidi, linanunulika hata Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa Tanzania, halikutegemea mioyo ya watu. Liliweka masharti: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asimiliki hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalipolegezwa kwa Azimio la Zanzibar mwaka 1991, hatukuletewa kizazi kipya cha viongozi siku ile. Walikuwa wale wale, wamefunguliwa mlango.

Dhana: Mkubwa akikiri kosa, amekwisha.

Serikali ya Julius Nyerere ilifuta serikali za mitaa mwaka 1972, na mwaka 1976 ikavunja vyama vya ushirika. Kwa mkulima wa kahawa au pamba, ushirika ndio uliokuwa mnunuzi, mkopeshaji na mahali pa kupigia kelele. Mwaka 1984, akiwa bado Ikulu, Nyerere alisema waziwazi kwamba kama angeanza upya, hayo mawili asingeyafanya. Vyote viwili vilikuwa vimeanza kurudishwa kwa sheria za 1982. Sijui viongozi wangapi hapa kwetu ungewatajia ambao wamewahi kutaja kosa lao kwa jina wakiwa madarakani. Mimi vidole vya mkono mmoja vinanitosha na kubaki.

Hakukwisha. Wanaompenda hawakupungua, na wanaokumbuka sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila mashtaka, au waliohamishwa kwa nguvu kwenda vijijini, hawakulazimika kusahau.

Dhana: Marehemu hasemwi.

Edward Sokoine alikufa ajalini karibu na Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, akiwa Waziri Mkuu wa Tanzania. Nchi ililia kweli. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na wenye maduka wakawa wanatupa usiku sabuni, sukari na vitambaa walivyovificha huku watu wakipanga foleni. Mwananchi wa kawaida alifurahi. Sheria iliyotumika, hata hivyo, iliwanyima washtakiwa dhamana na wakili, kwa hiyo mwizi na mfanyabiashara aliyeonewa walipitishwa tundu moja. Mauti hayafuti hilo, kama yasivyofuta ujasiri wake.

Dhana: Ukimsifu kwa moja, umemkubali kwa yote.

Hii ndiyo inayotukwamisha zaidi, na mfano wangu ni John Michuki wa Kenya.

Kabla ya 2004 nilikuwa nikipanda matatu kutoka Mwembe Tayari, Mombasa, kwenda Mtwapa. Ukishakaa, makanga anakwambia, "Songa, kalia nusu." Unasonga. Mwengine anasimama kwa kuinama, kiwiko kiko sikioni mwako, na wawili wananing'inia mlangoni gari likienda kasi. Tulishazoea, tukidhani barabara ndivyo zilivyo. Kisha Michuki, Waziri wa Uchukuzi, akatoa kanuni zilizoanza kufanya kazi tarehe 1 Februari 2004: abiria 14 katika Nissan, mkanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na makanga. Wenye matatu wakagoma. Watu walitembea kwa miguu kwenda kazini, na yeye hakurudi nyuma.

Michuki huyo huyo, Machi 2006, akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, alitetea polisi waliojifunika nyuso na kuvamia usiku gazeti la The Standard na kituo cha televisheni cha KTN. Magazeti yalichomwa moto, matangazo yakakatwa. Alipoulizwa, alijibu kwamba ukimchokoza nyoka, uwe tayari kuumwa. Siwezi kuipamba kauli hiyo. Ilikuwa kauli ya mtu aliyeona nchi kama shamba lake. Baadaye akapewa Wizara ya Mazingira, akahangaikia Mto Nairobi uliokuwa mtaro wa uchafu, na leo kuna bustani kando ya mto huo yenye jina lake.

Ukiniuliza kama alikuwa mtu mwema, nitakuuliza unazungumzia mwaka gani. Nyumbani tulimlaani Machi ile, na babu yangu, aliyesikiliza taarifa ya habari kila jioni, alimlaani kwa sauti kuliko sote. Ila Ijumaa, akipanda matatu kwenda msikitini, alikuwa wa kwanza kuufunga ule mkanda wenye masizi. Ulimchora mstari mweusi kwenye kanzu nyeupe, na bibi akawa anaufikicha kwa limau.