Mtego wa ruzuku: kwa nini mtu anaongeza kazi na mfuko haubadiliki

Mtego wa ruzuku ni hali inayomkuta mtu anayepokea msaada wa serikali pale anapoongeza kipato kwa kazi, na msaada nao unakatwa kiasi kwamba mwisho wa mwezi mfuko wake uko palepale, au karibu na palepale. Hakuna aliyemkataza kufanya kazi. Akipiga hesabu tu anaona hailipi.

Mabishano kuhusu jambo hili huishia kwenye tabia. Huyu anasema ukigawa hela za bure watu watashinda vibarazani, yule anajibu kwamba maskini hana tatizo la uvivu, ana tatizo la njaa. Wanaweza kukesha hivyo. Mimi naona swali lenye faida zaidi ni la kikokotoo: katika kila mia ya ziada unayoitolea jasho, unabaki na ngapi?

Mfano unaoeleweka haraka ni wa Uingereza, kwa sababu viwango vyao viko wazi. Kuanzia 2013 nchi hiyo ilianza kuunganisha misaada kadhaa kuwa mmoja, Universal Credit, na kauli ya wanasiasa ilikuwa kwamba sasa kazi italipa kuliko kukaa. Kila pauni ya mshahara inayokufikia baada ya kodi inapunguza msaada kwa asilimia maalumu: mwanzoni 65, kuanzia 2017 ikawa 63, na mwishoni mwa 2021 ikashushwa hadi 55. Wenye watoto, na wale ambao afya inawabana wasiweze kufanya kazi kikamilifu, wana kiasi cha mwanzo cha mshahara kisichoguswa.

Sasa mchukue mama wa Kitanzania anayebeba boksi Leicester, ana watoto wawili. Mshahara wake umeshavuka pauni 12,570 kwa mwaka, yaani kiwango kisichotozwa kodi, na kile kiasi kisichoguswa amekimaliza. Msimamizi anamwomba aongeze zamu, malipo pauni 100. Kodi ya mapato inachukua 20, bima ya taifa 8, zinabaki 72. Msaada nao unapungua kwa asilimia 55 ya hizo 72, yaani pauni 39.60. Mkononi anabaki na pauni 32.40. Toa nauli. Serikali inaweza kumrudishia hadi asilimia 85 ya gharama za kulelewa watoto, lakini kwa mlezi aliyesajiliwa tu. Jirani anayekaa nao mpaka usiku hahesabiki, na jirani naye anataka chochote.

Wachumi wakijumlisha kodi na makato hayo ya msaada hupata kile wanachokiita kiwango halisi cha makato. Kwa mama huyu ni asilimia 67.6. Mkurugenzi wa kampuni yake, anayelipwa mamilioni, katika pauni 100 zake za ziada anakatwa 47. Watu wakisema mfumo unamdekeza maskini, hesabu hii huwa hawajaiona.

Kuna aina mbaya zaidi, ambapo msaada haupungui taratibu bali unakatika wote kwa mkupuo. Uingereza hiyohiyo inayo posho ya watu wanaomhudumia ndugu mgonjwa au mlemavu nyumbani. Mwaka 2024 mhudumu aliruhusiwa kupata hadi pauni 151 kwa wiki katika kazi nyingine. Akizidisha peni moja, posho yote ya wiki hiyo, pauni 81.90, alikuwa hastahili. Kwa kuwa ofisi ilichelewa kugundua, wengi walikuja kudaiwa maelfu ya pauni, malimbikizo ya wiki ambazo walizidisha kidogo tu. Mtu mwenye akili timamu hapo anakataa zamu, na anakataa kwa sababu amesoma masharti vizuri.

Wamarekani walijifunza hili mapema. Mpango wao wa kusaidia familia zenye watoto, ambao wengi walionufaika nao walikuwa akina mama wasio na waume, kwa muda mrefu ulikata dola kwa dola: ukipata dola moja kazini, ukiacha gharama za kwenda kazini, msaada unashuka dola moja. Ni sawa na kodi ya asilimia 100. Mwaka 1967 sheria ilibadilishwa, dola 30 za kwanza za mwezi na theluthi ya zinazobaki zikaachwa bila kuguswa. Yaani kwa dola zilizofuata makato yalikuwa theluthi mbili, karibu kabisa na yale ya mama wa Leicester leo. Mwaka 1981, chini ya Rais Reagan, nafuu hiyo ikawa inaisha baada ya miezi minne ya kazi.

Njia nyingine ya Wamarekani hao ilianza 1975 na inapitia mamlaka ya kodi. Asiye na kipato cha kazi hapati kitu. Mwenye watoto wawili huongezewa senti 40 kwa kila dola anayoipata kazini mpaka kiwango fulani, halafu nyongeza inasimama, kisha inapungua kwa senti 21 hivi kwa kila dola. Kwa anayeanza kazi, motisha ni kubwa sana. Ila mgonjwa, au mtu wa mji ambao viwanda vimefungwa, ameachwa nje. Mwaka 1996 Rais Clinton akasaini sheria iliyoondoa ule mpango wa zamani na kuweka masharti ya kazi pamoja na ukomo wa miaka mitano kwa fedha za serikali kuu. Baada ya hapo akina mama wengi waliingia kazini, na mpaka leo wachumi hawajakubaliana ni kipi kilichowasukuma zaidi: ile nyongeza, fimbo ya masharti, au uchumi wa miaka ile uliokuwa na ajira tele.

Utauliza, kwa nini basi serikali isikate kidogo tu? Tuseme asiye na kipato kabisa anapewa pauni 400 kwa mwezi. Ukikata pauni kwa pauni, msaada unaisha anapofikisha mshahara wa 400. Ukikata nusu, unaendelea hadi 800. Ukikata robo, unafika 1,600, na hapo umeshaanza kuwalipa watu wenye ajira za kawaida kabisa. Ukitaka msaada unaotosha kuishi, makato madogo na bajeti ndogo, hutavipata vyote vitatu. Kimoja lazima kiumie, na kwa kawaida kinachoumia ni kile ambacho wapiga kura hawakioni, yaani makato.

Afrika Mashariki hesabu hii inabadilika. Muuza mboga, dereva wa bodaboda au kibarua wa shambani hana hati ya mshahara, kwa hiyo serikali haiwezi kuiona shilingi yake ya ziada, na isichokiona haiwezi kukikata. Inatafuta alama nyingine. Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kugawa fedha, inatazama, kati ya mengine, umri: mzee wa miaka 70 na zaidi hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, na akiuza maziwa ya ng'ombe wake hapunguziwi. Kwa upande wa motisha, huo ni mpango safi kuliko wa Leicester, ingawa kiasi chenyewe ni kidogo.

TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania unaosaidia kaya maskini, inapita njia tofauti. Mkutano wa kijiji hutaja kaya maskini, kisha dodoso huuliza mambo yanayoonekana: nyumba ikoje, watu wangapi, mali gani. Ruzuku inaendana na watoto kwenda kliniki na shule, na kaya zenye watu wenye nguvu hupewa ajira za muda kama kuchimba malambo au kutengeneza barabara za kijiji. Makato ya kila mwezi hakuna, lakini kuna kuhitimu: kaya ikionekana imejikwamua inatoka kwenye orodha. Mlengwa aliyefuga kuku, akauza, na sasa anataka kuondoa nyasi aezeke bati, anajua majirani wataitazama ile nyumba na kusema. Mtego wa aina hii haumzuii kufanya kazi. Unamfundisha kuficha matunda yake, na hilo ni gumu kupimwa na dodoso lolote.

Je, hela zenyewe zinaleta uvivu? Finland iliwapa watu 2,000 wasio na ajira euro 560 kwa mwezi mwaka 2017 na 2018, bila kuwakata wakipata kazi. Walifanya kazi siku chache zaidi ya wenzao ambao hawakupewa, tofauti ndogo. Karibu na kwetu, shirika la GiveDirectly limewapa watu wazima wa vijiji vya Siaya na Bomet, Kenya, dola 22.50 hivi kwa mwezi, wengine wakaahidiwa miaka 12. Watafiti hawakuona jumla ya kazi ikipungua. Walichokiona ni watu kuacha kibarua cha mashamba ya wengine na kufungua biashara zao. Ukiwa unahesabu walioajiriwa tu, watu hao utawaandika kuwa wameacha kazi.