«Jitambue» si neno la Socrates

Katika mahafali nyingi mgeni rasmi huwaambia wahitimu kwamba Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alisema «Jitambue», kisha akaeleza kuwa maana yake ni kujua thamani yako na kukataa kuwekewa mipaka. Nimeyasikia hayo mara nyingi mno, na yote mawili si sahihi.

«Jitambue» ni tafsiri ya maneno mawili ya Kigiriki, gnothi seauton, yaliyoandikwa katika hekalu la mungu Apollo huko Delphi, Ugiriki. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anasema yalikuwa katika ukumbi wa mbele wa hekalu hilo. Socrates aliyakuta yakisemwa na kila mtu, wala hakudai kuwa ni yake. Katika kitabu cha mwanafunzi wake Plato kiitwacho Phaedrus, anasema hana nafasi ya kuchambua ngano za kale kwa kuwa bado hajaweza kujijua kama maandishi ya Delphi yanavyoagiza. Katika Protagoras, kitabu kingine cha Plato, ni yeye huyo huyo anayesema kuwa maneno hayo yalitolewa kwa Apollo na wale Wahenga Saba, Wagiriki wa kale waliosifika kwa hekima, wakiwamo Thales, Solon na Chilon, pamoja na usemi mwingine, «Usizidishe kitu». Baadaye Diogenes Laertius, mwandishi wa habari za maisha ya wanafalsafa, alimtaja Thales kuwa ndiye mwenye neno, lakini papo hapo akataja na wanaobisha. Wagiriki wenyewe hawakuafikiana.

Kuhusu maana, Xenophon, mfuasi mwingine wa Socrates, anasimulia habari za Euthydemus, kijana aliyejiona msomi, ambaye alikuwa amefika Delphi mara mbili na kuyapuuza maandishi yale kwa kudhani kwamba anajijua tayari. Socrates alimweleza kuwa mnunuzi wa farasi haridhiki mpaka ajue kama mnyama ni mtiifu au mkaidi, ana nguvu au ni dhaifu, na kwamba mtu naye hana budi kujipima uwezo wake vivyo hivyo. Neno letu, kwa kweli, limeihifadhi maana hiyo vizuri: mgonjwa asiyejua yuko wapi wala ana hali gani, tunasema hajitambui, na hakuna anayedhani kuwa tunazungumzia thamani yake.

Basi mgeni rasmi anaweza kusema kwa usalama kwamba ni maneno ya Delphi, ambayo Socrates aliyanukuu ili kumkumbusha kijana aangalie mipaka yake.