Hali fiche haikufichi

Kila ninapofundisha usalama wa mtandao, hakosi mtu wa kuniambia kwamba yeye hana wasiwasi, anatumia hali fiche, lile dirisha la faragha la kivinjari (incognito). Ukweli ni kwamba dirisha hilo likifungwa hufuta historia na vidakuzi, yaani vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari ili zikukumbuke, basi. Linakuficha na mnayetumia naye kompyuta moja. Tovuti unayoingia bado inakuona.

Huwa nambonyezea kitufe cha F12, kinachoonyesha kazi za ndani za kivinjari, tunafungua sehemu ya mtandao na kupakia ukurasa mmoja tu wa habari. Maombi ya kivinjari ya kuletewa vitu yanamiminika: machache yanakwenda kwa gazeti lenyewe, mengi kwa anwani ambazo hajawahi kuzisikia. Mara nyingi kuna kipicha cha pikseli 1 kwa 1, hakina rangi wala hakikuwekwa kionekane. Kivinjari kikienda kukichukua, kinaiambia kampuni ya nje umetokea tovuti gani, na kinaipelekea kidakuzi chake. Kwenye dirisha la kawaida, kesho ukiingia tovuti ya maradhi fulani yenye kipicha kilekile, kampuni inajua ni wewe wa jana. Hilo la maradhi ndilo linaloniuma zaidi, maana mtu huuliza pale asichothubutu kumwambia hata nduguye.

Lou Montulli alipobuni vidakuzi mwaka 1994, akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari cha enzi hizo, nia ilikuwa tovuti imkumbuke mteja wake yenyewe. Kivinjari cha Safari kimezuia vidakuzi vyote vya kampuni za nje tangu Machi 2020, na Firefox tangu 2022 huvitenga, kila tovuti na kopo lake.

Ila kuna alama ya kivinjari, nayo haifutiki. Ukubwa wa skrini, fonti, saa za eneo, lugha, namna kadi ya picha inavyochora herufi: ukiviunganisha, vinakutambulisha. Shirika la EFF, linalotetea haki za watu mtandaoni, lilipopima mwaka 2010, zaidi ya asilimia 80 ya vivinjari vilivyopimwa havikuwa na pacha. Kwa hiyo usirundike viendelezi, zile programu ndogo za kuongeza kwenye kivinjari. Kila kimoja kinaweza kukutofautisha zaidi. Mimi naweka kimoja tu, uBlock Origin, kwa sababu kinazuia ombi kabla halijatoka. Anayehitaji kujificha hasa atumie kivinjari cha Tor Browser, iliyoundwa ili watumiaji wake wafanane.

Nikishamwekea mwanafunzi wangu uBlock Origin, tunapakia upya ukurasa uleule, F12 ikiwa wazi. Habari inafunguka kama kawaida, na ile orodha ndefu ya anwani ngeni imepukutika.