Dalili zinazokuja na kuondoka: je, ni seli za masti?

Wengi wanaokuja kuniona hapa Mombasa kwa shida za mzio huja na faili nene. Ndani mna majibu ya Widal (kipimo cha homa ya matumbo), dawa za vidonda vya tumbo, dawa za amiba, na pengine karatasi isemayo shida ni mawazo tu. Lakini mtu bado anaumwa: ghafla uso unawaka, mwili unawasha, moyo unakwenda mbio, tumbo linakata na kuharisha, kisha baada ya saa chache yu mzima. Huyu hajitungii ugonjwa.

Seli za masti, ambazo ni sehemu ya kinga ya mwili, hukaa kwenye ngozi, utumbo, njia za hewa na kando ya mishipa ya damu. Zikichokozwa humwaga histamini, triptasi na kemikali nyingine. Mishipa hutanuka na kuvuja maji, ndipo midomo ikavimba na presha ikashuka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo mimi huyapapasa mabaka na kuuliza kama ngozi inachoma.

Kitu cha kwanza ninachokitafuta ni shambulio: dalili za viungo viwili au zaidi zikizuka kwa pamoja, zikitulia, zikarudi. Uchovu wa kila siku na maungo kuuma bila mashambulio hunipeleka kwanza kwenye tezi la shingo, upungufu wa damu, sukari na dawa anazomeza mgonjwa. Nalishikilia hili kwa sababu wapo wanaobandikwa ugonjwa wa seli za masti kabla ya kupimwa.

Halafu namuuliza alikula nini, na nani. Jodari akikaa kwenye joto letu bila barafu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yake, na hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Ikiwa waliokula naye sinia moja waliwashwa pia, wa kulaumiwa ni samaki yule. Naumia sana nikikutana na mtu wa pwani aliyeacha samaki miaka na miaka kwa ajili ya mlo mmoja wa namna hiyo.

Kipimo chenye uzito ni triptasi, nacho kina saa zake. Damu itolewe ndani ya saa 4 tangu shambulio lianze, kisha itolewe tena mgonjwa akishatulia, angalau saa 24 baada ya dalili kwisha. Kiwango cha utulivu (kwa nanogramu katika mililita) kizidishe kwa 1.2, uongeze 2; cha shambulio kikifika hapo au kupita, kimepanda kweli. Mwenye 5 akifika 8 wakati wa shambulio, seli zake zimemwaga kweli, ingawa maabara itaandika “kawaida” kwa kuwa kikomo chao huwa karibu na 11.4. Kiwango cha utulivu kikipita 20, natafuta mastositosisi, yaani ugonjwa wa seli za masti kuzidi mwilini, nikianza na badiliko la jeni la KIT. Wapo pia wanaozaliwa na nakala za ziada za jeni la triptasi. Kwao kiwango huwa juu siku zote.

Kabla ya kuja, andika saa dalili zilipoanza, piga picha ya mabaka, taja kila dawa ya maumivu, hasa brufeni, diklofenaki na kodeini. Na shambulio likikubana pumzi au kukuangusha, Piriton, dawa ya mzio, peke yake haitoshi: ulazwe chali, miguu juu, au ukae ikiwa pumzi ndiyo shida, na upate adrenalini kwenye msuli wa paja upesi. Triptasi itapimwa baadaye.