Chambo cha kulungu ni nini, na kwa nini sheria hukipima kwa lita?

Chambo wengi tunakijua kwenye ndoana. Kwa wawinda kulungu wa Marekani, chambo ni mahindi, tufaha, karoti, viazisukari au jiwe la chumvi lililowekwa porini ili mnyama aje mahali anaposubiriwa. (Kulungu hapa ni jina la kuazima: wa huko ana pembe zenye matawi, nazo hudondoka kila mwaka.) Kulisha ni jambo jingine. Chakula kinamwagwa ili mnyama avuke majira ya baridi, au watu wamtazame dirishani, bila nia ya kumpiga risasi. Shamba la majani lililopandwa kwa ajili yao kwa kawaida halihesabiwi kuwa chambo, maana kulungu hula humo wakiwa wametawanyika na hakuna anayemwaga chakula kipya palepale kila asubuhi.

Hatari yote ya magonjwa imo kwenye hilo "palepale". Akiachwa mwenyewe, kulungu huchuma jani hapa, chipukizi pale, huku akisonga. Lundo la mahindi huleta makundi yasiyojuana kwenye sinia moja. Mmoja anachomeka pua, mate yake yanabaki kwenye punje, na anayefuata anazila punje hizohizo.

Michigan walijifunza hilo kwa gharama. Mwaka 1994 kaskazini-mashariki mwa jimbo alipatikana kulungu mwenye kifua kikuu cha ng'ombe, katika eneo ambalo chakula kilikuwa kikimwagwa kwa malori. Siku hizi rasi ya kusini ya jimbo hilo imekatazwa chambo tangu 2019. Rasi ya kaskazini inaruhusu galoni 2, yaani lita 7.5 hivi, chini ya nusu debe, na ni lazima zitawanywe kwenye eneo la angalau mita 3 kwa 3 ili midomo isikutane.

Mimi naona kipimo hicho ni nusu ya dawa tu. Galoni 2 zikimwagwa tena kila jioni mahali pamoja, mate hurundikana vilevile. Jimbo jirani la Wisconsin, penye ruhusa, linakataza vyombo vinavyomwaga chakula vyenyewe. Ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu ukigundulika katika kaunti, chambo na kulisha hupigwa marufuku huko kwa miaka 3. Ugonjwa huo hauna chanjo wala tiba. Huletwa na prioni, protini iliyopinda vibaya, ambayo hutoka kwa mate, mkojo na kinyesi na kudumu kwenye udongo kwa miaka. Mnyama humwaga prioni hizo miezi mingi kabla hajaanza kukonda, kwa hiyo mwindaji akitegemea macho amechelewa. Hata mahindi yakizolewa, udongo uliolambwa unabaki.

Mahindi yenyewe nayo yana madhara. Yakiota ukungu huleta sumukuvu, ileile inayoharibu maghala yetu. Tena kulungu hucheua: wakati wa baridi vijidudu vya tumboni mwake vimezoea vijiti na magome. Akishiba mahindi ghafla, wanga huchacha upesi, asidi hupanda, naye hufa ndani ya siku chache. Ndiyo maana mizoga mingine hukutwa kwenye theluji ikiwa na tumbo lililojaa mahindi.